Boti Imelazwa, Kaka

Toivola, Michigan
Jumatatu, 28 Oktoba

Kaka yangu mpendwa Arvo,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana. Goti lako linaendeleaje? Natumaini jua la Arizona linalikanda vizuri kuliko yule daktari wa huku, na kwamba unakula chakula cha kupikwa, si biskuti na kahawa tu. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Theluji ya kwanza ilianguka Alhamisi, ikayeyuka kabla ya saa sita. Impi Salmela anakusalimu sana. Anasema tangu uondoke kwaya imeanza kuimba vizuri.

Sasa habari za boti. Karatasi yako ya maagizo ya kuilaza kwa majira ya baridi ilifika, nikaibandika ukutani bandani, nikavaa ovaroli yako ya zamani na kuanza kazi. Nilijaza tangi petroli, nikatia ile dawa ya kuizuia isiharibike. Betri nikaitoa, nikaipeleka ndani isipigwe na baridi. Jaketi za kuokolea nikazifua na kuzianika. Bomba la moshi nikaliziba kwa chuma cha kusugulia sufuria, panya wasije wakafanyia arusi humo kama mwaka ule. Lakini nilipofika kwenye injini yenyewe, kaka, nilifungua kifuniko nikaona mabomba yamejikunja kama utumbo wa ng'ombe, nikafunga tena. Nikaomba. Kisha nikampigia simu Reino Lahti.

Najua. Uliandika kwa herufi kubwa, ukapigia mstari mara mbili, kwamba Reino asiikaribie boti yetu hata kwa kuinusa. Nayakumbuka ya mwaka jana, barafu ilipoyeyuka tukaikuta injini ya zamani, aliyoilaza Reino, imepasuka kama yai. Ukaiona koki ya kutolea maji imefungwa, ukaita na majirani waione. Jumapili yake ukasimama kwenye kahawa ya baada ya ibada ukasema kwamba mtu asiyejua koki iliyo wazi na iliyofungwa asiguse boti ya Mkristo. Watu walicheka. Wakaacha pia kumpelekea Reino boti zao. Mtu aliyelaza boti za ghuba nzima kwa miaka ishirini akabaki na mbili, na moja ni yake mwenyewe.

Kwenye simu aliniuliza kama Arvo anajua. Nikamwambia hajui. Akasema basi nakuja sasa hivi, kabla hujapata akili.

Alikuja asubuhi ile ile ya Jumamosi. Akapasha injini moto, akamwaga oili ya zamani, akatia mpya. Kisha akalala kifudifudi, akafungua koki iliyo ubavuni mwa injini na kuichokoa kwa waya, kwani kutu hujazana mle maji yakashindwa kupita. Yakatoka, kwanza kwa kasi, halafu tone, tone, juu ya sakafu yangu. Akasema tuyaache yaishe yenyewe, hata yakichukua saa nzima, ndipo tupitishe ile dawa ya rangi ya waridi isiyoganda.

Nikachemsha kahawa, nikakata mkate wa iliki. Hata hakuwa ameonja, akainuka kwenda kuitazama koki. Akarudi. Akaenda tena. Mara ya tatu nikamwambia, Reino, una nini wewe, hiyo koki umeiposa? Akaona haya. Akasema tangu ile injini yetu ipasuke, yeye haiamini tena mikono yake. Anakumbuka kabisa kwamba aliifungua ile koki, lakini watu wote waliiona imefungwa, basi lazima ni yeye. Kila boti sasa huirudia mara tatu.

Nilimwacha mezani, nikaenda bandani na kitambaa kufuta yale maji. Niliinama, na mkono wangu, Arvo, bila mimi kuutuma, ukaishika ile koki ukaanza kuikaza.

Hapo ndipo nilipojua. Kaka, ni mimi.

Vuli ile, kabla injini haijapasuka, kina mama wa kanisa walikuwa wanakuja bandani kuchambua nguo za mnada. Sakafu nilikuwa nimeisugua nimepiga magoti. Nikakuta boti inadondosha maji juu yake, nikalikaza lile lidude kama ninavyokaza bomba la jikoni, nikapangusa, nikajisifu. Maji yaliyobaki yakaganda ndani ya injini. Siku uliyofungua kifuniko nilipata shaka kidogo, nakiri mbele za Mungu, lakini ninyi mlikuwa mnapiga kelele za koki, koki, nami nikajiambia mambo ya injini siyajui. Sikuuliza. Hiyo ndiyo dhambi yangu.

Nikaifungua tena koki, nikamwita Reino bandani, nikamwambia pale pale. Akakaa juu ya ndoo, machozi yakimlengalenga, nami nikadhani ataondoka. Halafu akaanza kucheka. Akasema, Hilja we, muda wote huu nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, kumbe ni usafi wako! Akala vipande vitatu vya mkate, na kwenye koki hakwenda tena mpaka maji yalipokwisha.

Jana baada ya ibada nilisimama mahali pale pale uliposimama wewe, nikawaeleza wote. Impi akadakia, shoga, kwangu usije ukapiga deki, maana friji yangu inavuja. Mchungaji alicheka hadi kahawa ikampalia. Na leo nimepita kwa Reino, nimekuta uani kwake boti tano na nyingine ikiingizwa kinyumenyume kwa gari, mwenyewe akiwafokea watu wasimkanyagie kabichi zake.

Umebaki wewe. Reino hajanituma nikuandikie. Alisema tu, akifunga turubai, kwamba sauna ya Jumamosi haina ladha bila mtu wa kubishana naye. Hasira zako nipe mimi, ni haki yangu, nitazibeba. Lakini yale maneno yalitoka kinywani mwako, nami siwezi kukuondolea. Jana nilijaribu, watu wakaniuliza, na Arvo je?

Mpigie Reino simu asubuhi, kabla hajaanza kazi. Usianze na habari za hali ya hewa.

Wasalimie wote wanaokutazama huko, na goti ulipake dawa. Mungu akuzingire pande zote, akurudishe kwetu salama barafu ikiyeyuka.

Mimi dada yako mwenye kukupenda,
Hilja