Ushindi wa Dale, Sitini na Tatu kwa Sifuri

Nyumba Na. 214, Barabara ya Cottonwood,
Alder Creek, Nebraska.
Jumanne, 15 Oktoba 2013.

Mpendwa kaka Wendell,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini joto la Arizona limepungua, na lile goti lililopasuliwa sasa linapanda ngazi bila manung'uniko. Sisi tu wazima. Baridi imeanza kuuma asubuhi, na akina Ostdiek wamevuna nusu ya mahindi yao.

Nimeona ulichomwandikia mwanao. Dale mwenyewe alinionyesha kwenye simu: "Sikukulea uwakanyage watu walioanguka." Wewe umesoma matokeo gazetini. Mimi nilikuwepo uwanjani, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Nikiri kwanza kwamba nilifurahi. Tangu Dale awe kocha wa mpira wa Kimarekani wa chuo chetu, misimu minne sasa, tumekuwa tukipigwa na kila anayekuja. Jumamosi tulifikisha pointi thelathini na tano kabla ya mapumziko, nikapiga kelele hadi koo likakauka. Jirani yangu Arlis aliwaambia wageni, "Rudini kwenye basi lenu, injini bado ina moto." Nikacheka sana.

Baadaye kicheko kikaniisha. Wageni walikuja na wachezaji thelathini na mmoja tu, na mashabiki hawakuzidi ishirini. Kulikuwa na mama mmoja aliyesimama kila mwanawe alipoangushwa, asikae hadi amwone ameinuka. Nikajikuta namtazama yeye kuliko mchezo. Nikachukua blanketi langu, nikazunguka uwanja kwenda kukaa naye.

"Lorene, umehama chama?" Arlis akaniita. Nikaendelea kutembea.

Yule mama anaitwa Twyla. Nilimwambia mimi ni shangazi wa kocha, na kwamba naomba radhi.

"Radhi ya nini?" akasema. "Mwanangu hajaja kuonewa huruma. Kaja kucheza."

Tukajifunika blanketi moja.

Dale alikuwa ameshawatoa wachezaji wake wazuri wote. Zikiwa zimebaki dakika mbili, mpira ukamfikia Emmett Kucera, aliyekaa benchi miaka minne bila kuugusa. Akakimbia nao yadi sabini hadi mstari wa mwisho, akatuongezea pointi. Upande wetu wengine walishangilia, wengine wakatazama viatu vyao. Twyla akapiga makofi. Mimi nilishindwa.

Jumapili, baada ya kanisa, Dale alikuja kula. Nilipika chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini aipendayo, hakuigusa. Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia vijana wake wapige goti na mpira mkononi, muda uishe bila kuongeza pointi.

"Shangazi, nilitaka," akasema. "Kabla ya robo ya mwisho nilivuka nikamwambia kocha wao hivyo hivyo. Nahodha wao akanisikia. Akaniambia, 'Kocha, tumesafiri kwa saa saba nzima. Mkianza kutuachia mbele ya mama yangu, hapo ndipo mtakuwa mmetudharau.' Na Emmett je? Nimwambie asikimbie?"

Tangu siku hiyo, kaka, nayapima maneno yake. Nikiosha vyombo naona alifanya sawa. Nikilala naona angeweza kufanya vingine. Lakini kukanyaga watu sicho nilichokiona. Mchezo ulipokwisha, Dale alivua kofia akamshika mkono kila mmoja wa wale thelathini na mmoja. Kwa yule nahodha alikawia, wakaongea vichwa vimeinama. Twyla alikuwa akikunja blanketi langu. Akaniambia, "Huyo mtoto wenu anaumia."

Hilo gazeti halikuandika.

Usidhani hajakujibu kwa kiburi. Nilimwona mezani kwangu akiandika, anafuta, anaandika tena, anafuta. Miaka arobaini na moja, na bado anaogopa kukukosea neno.

Msalimie wifi Nadine, na umwambie shali aliyonifumia ndiyo ninayoivaa kanisani. Mwambie na Corliss shangazi yake anamkumbuka. Mungu awalinde huko, alitie nguvu hilo goti lako.

Mazoezi yanaisha saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo Dale hubaki peke yake ofisini, na simu iko mbele yake. Mpigie, kaka. Hata kama hujui la kusema.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Lorene