Mafuta Kwenye Kigae

Shoga! Nimesingiziwa mbele ya mkutano mzima!

Kile kigae cha chungu cha kale, tulichokipima tujue watu wa zamani walipika nini, majibu yametoka. Si samaki, si nyama. Ni mafuta ya kujipaka mikono! Ya waridi!

Bosi akauliza nani alikishika bila glavu. Mwenzangu wa maabara, yule ninayemwita pacha, akaninyooshea kidole. "Ni huyu."

Ati ni huyu! Macho makavu!

Mimi niliyeacha kujipaka tangu niajiriwe, mikono imenikauka kama gome la mti!

Sasa sikia linaloniuma. Kopo la mafuta hayo limo mkobani mwake. Nilimnunulia mimi, siku yake ya kuzaliwa.