Amplifaya ya Wati Ishirini

Mwanza, 12 Januari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanangu Shimwa. Sisi huku hatujambo.

Kwa kuwa amplifaya yako ya zamani imekufa, nakutumia hii kwa basi kutoka dukani kwetu. Ni ya wati ishirini na spika zako ni za wati mia, lakini kwa sebule inatosha. Sharti ni moja: usizungushe sauti kupita nusu. Amplifaya ndogo ikikamuliwa inakwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaounguza twita, zile spika ndogo za juu. Baadaye nitakutafutia kubwa zaidi.

Mwanao,
Umulisa

Gatsata, 2 Februari 2025

Mwanangu Umulisa,

Marahaba. Tuko wazima, isipokuwa sauti yako kwenye simu, ambayo siku hizi inakoroma tu. Endelea kuandika.

Mzigo umefika, nikacheka. Kidude cha wati ishirini kitaziunguzaje spika za wati mia? Huko dukani wanawafundisha nini? Nimekizungusha hadi mwisho, maana chini ya hapo kinanong'ona. Sasa sauti ni laini, haichomi kama zamani. Masikio haya yamefundisha kwaya tangu tukiwa Karagwe, usiyafundishe kazi.

Shimwa ananitia aibu. Anameza maneno, "Yesu" na "msalaba" havitoki. Kila jioni nawasha nyimbo, namsimamisha mbele ya spika arudie mpaka koo limkauke. Amerithi kwako. Wewe nilikutoa kwenye kwaya ukiwa mdogo, na sikukosea. Asipobadilika, wimbo wake wa Pasaka nampa Mukunde, binti wa mchungaji.

Baba yako

Mwanza, 28 Aprili 2025

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, na afya yangu ni nzuri.

Siku ya Pasaka nilikaa sebuleni kwako nikanywa chai, nikanyamaza kwa sababu ya wageni. Sasa nasema. Twita zote mbili zimeungua. Spika zako zinanguruma kama mtu anayeongea ndani ya blanketi. Kila mgeni anasikia. Ukifumba macho kuufurahia muziki, mzee Usumani na mkewe wanatazamana. Ni wewe tu usiyejua, kwa sababu masikio yako yamekufa palepale zilipofia spika, kwenye sauti nyembamba za juu kama ile ya "s".

Shimwa hamezi kitu. Nilimsikiliza jikoni, kila neno linatoka zima. Alijua spika zimeungua tangu siku ulipozungusha sauti hadi mwisho, akakuficha kwa kukuonea huruma. Nawe ukamkausha koo mbele ya spika hizohizo, kisha wimbo wake ukampa Mukunde. Sasa haimbi hata akiosha vyombo.

Mimi ulinitoa mbele ya kwaya nzima, ukasema huyu mtoto ni kiziwi wa muziki. Kiziwi ni wewe, Baba. Naliandika neno hili kwa raha, sikufichi. Nenda ukapimwe. Na Pentekoste umrudishie mtoto wimbo wake, umwombe radhi mbele ya watu walewale.

Mwanao,
Umulisa

Gatsata, 1 Juni 2025

Umulisa,

Afya yangu ni nzuri. Masikio usiyaulizie.

Mtoto anakuja na basi la leo, barua hii ameibeba yeye. Kwaya nimewaambia sauti yake imeharibika. Wameamini, kwa kuwa nimesema mimi. Huko kwenu aimbe au asiimbe, mradi asiseme nilimfundisha mimi.

Jana nilimwita fundi Kenny kutoka Nyabugogo, ili nikuumbue. Akafungua spika, akaweka twita mpya zote mbili, akapiga wimbo ule wa Pasaka, nao kwangu ukasikika vilevile. Shimwa alikuwa mlangoni anakunja nguo zake. Niliona midomo yake inacheza. Sikujua kama anaimba.

Fundi akaniuliza kama nasikia tofauti. Nikamwambia ndiyo, tofauti ni kubwa sana.

Baba yako