Yule wa Nyuma ya Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Mjinga! Nimemwambia mjukuu wangu hivyo hivyo, uso kwa uso, sahani ikiwa mkononi. Mtu amesomea uuguzi, mimi nimejigamba mtaa mzima kwamba atavaa nguo nyeupe katika hospitali kubwa — kumbe anakwenda kuzunguka majumbani na mkoba mgongoni! Kuuguza vichaa!

Anasema si vichaa, ni wateja. Wateja! Wananunua nini?

Anasema uuguzi wa jamii una nafasi tele, hasa huu wa afya ya akili, kwa sababu watu wanaukimbia. Akimaliza majaribio anaajiriwa, halafu wanampeleka chuo achukue diploma. Macho yanamng'aa akisema. Lakini nimenuna — na ajue nimenuna.

Alhamisi, 6 Machi

Mwenzake wa kazi anaumwa, na mjukuu wangu anataka kwenda peke yake kwa mtu asiyemjua. Thubutu! Nikachukua mwavuli wangu, nikamfuata.

Huyo mteja ni mama mmoja, fundi cherehani, anakaa chumba cha uani. Kila mwezi anachomwa sindano. Chumba kisafi kuliko changu, siwezi kumsingizia. Vitambaa vimekunjwa, cherehani imefunikwa, mezani gauni moja la kijivu ambalo halijapindwa.

Fundi hatutazami. Anatazama nyuma ya mlango. Anasema yule mwanamke bado amesimama pale, hajakaa tangu mvua zilizopita.

Mjukuu wangu, kwa sauti ya upole: mimi simwoni, fundi, lakini nakusikia. Ndivyo wanavyofundishwa — usikubali, usikatae.

Upuuzi gani huo! Nikainuka na mwavuli. "Wewe! Mtu mzima unajibanza nyuma ya mlango kama mwizi wa kuku? Toka hapo!"

Kisha macho ya fundi yakaanza kutembea. Polepole. Yakatoka mlangoni, yakapita mbele ya dirisha, yakasimama begani kwangu.

"Ametii," akasema. "Amekupenda."

Njiani mjukuu wangu kanifokea. Mimi! Eti bibi, utaniponza, msimamizi akisikia sipiti majaribio.

Ijumaa, 7 Machi

Mlango wa chumba changu haufiki ukutani. Ukiufungua unakwenda, unakwenda — unagota kitu laini. Nimechungulia nyuma yake. Hakuna kitu. Msumari wa kutundikia nguo, basi.

Jumamosi, 8 Machi

Nimemwita seremala. Kausukuma, ukafika ukutani, pa! Anasema bawaba nzima, bibi, labda mkono wako ndio umechoka. Mkono wake ndio uliochoka, mvivu mkubwa!

Alipotoka nikausukuma mimi. Ukagota.

Jumatano, 12 Machi

Mjukuu wangu anaimba jikoni. Fundi amelala fofofo, amekula, msimamizi kamsifu. Sikumwambia habari za mlango. Nikimwambia ataniketisha, aanze ile sauti yake. Mimi si mteja wa mtu!

Jumatatu, 17 Machi

Mambo yameharibika. Fundi amekataa sindano ya mwezi huu. Sasa hata chakula hataki. Anasema yule bibi mkali amemchukulia mwenzake, mtu pekee aliyebaki kukaa naye. Na keshokutwa msimamizi anakwenda kupima kazi ya huyu mtoto. Akikuta sindano haijachomwa — hana ajira, hana diploma. Amelia, akidhani sisikii.

Kaja na lile gauni la kijivu. Limepindwa, limetiwa na kifungo shingoni. Fundi kamwapisha alifikishe kwa huyo mwenzake: "Mpe, ameondoka bila nguo." Mjukuu wangu hakutaka kulileta. Lakini aliahidi, na anasema mgonjwa ukimdanganya leo, kesho hakufungulii mlango.

Nikalitundika msumarini, nyuma ya mlango wangu. Yaishe.

Jumanne, 18 Machi

Hayakuisha. Asubuhi nimelishika gauni. Lina joto. Si la jua, dirisha liko upande wa pili. Joto la kwapani.

Nikalikaripia kidogo. Mjukuu wangu akauliza kutoka jikoni naongea na nani. Nikasema redio. Redio haina betri tangu mwaka jana! Akaja, akanitazama sana. Akavuta kiti, akakaa. Kisha, taratibu: mimi simwoni, bibi, lakini nakusikia.

Nilikusudia kumfukuza chumbani. Badala yake nikamweleza yote, mpaka chai ikapoa. Hakucheka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikaa tu, ameikalia mikono yake, ananisikiliza. Kumbe ndiyo kazi yenyewe hii! Bora kuosha kidonda.

Nikamuuliza, haya, nami nimekuwa mteja? Akasema kwa sasa wewe ni bibi yangu.

Hiyo "kwa sasa" nimeisikia.

Jumatano, 19 Machi

Ameondoka mapema akamngoje msimamizi kwa fundi. Hajagusa chai. Sindano imo mkobani. Kaniambia nisitoke, akirudi tutazungumza vizuri, mimi na yeye na daktari mmoja mpole.

Daktari mpole! Nimeshavaa viatu. Mwavuli huu hapa.

Nimeusukuma mlango sasa hivi. Umekwenda mpaka ukutani, pa! Msumari mtupu. Gauni halipo sakafuni, halipo kitandani.

Naandika nimesimama. Nyuma yangu kitambaa kinachakarisha, kama mtu anayejirekebisha upindo. Sigeuki.

Sikiliza, wewe. Mimi niliyekutoa kwa fundi ndimi nitakayekurudisha. Mjukuu wangu hatakosa kazi kwa ajili yako. Ukifika umwambie fundi anyooshe mkono achomwe sindano, kisha ale. Na usijibanze tena nyuma ya mlango — kaa kitini kama watu.

Haya. Funga hicho kifungo cha shingoni. Tangulia!