Kamba ya Kisimani

Mwanangu Hawa,

Kuna jambo la siku ile ya ziwani Singidani ambalo nimekuficha wewe, na mama yako nikamficha mpaka tukamzika. Sasa pumzi yangu imekuwa fupi. Naandika mistari michache, najilaza, kisha naendelea. Lakini usisome kwa huzuni. Ninayokuandikia ni habari ya ushindi, na ushindi wenyewe ni wako.

Unakumbuka ulipochaguliwa kwenda sekondari kule kisiwani, Ziwa Victoria? Majirani wa Mandewa walikuja kutupongeza, kasoro mama yako, aliyebaki jikoni akichambua mchicha kwa hasira. Wageni walipoondoka akasema, "Mtoto asiyejua maji hapandi boti. Hata kama ni shule."

"Basi nitamfundisha kuogelea."

"Wewe, Baba Hawa? Ulijifunzia wapi?"

"Chuoni."

Nilisema kwa sauti yangu ya darasani, ile ambayo hata mkaguzi hakuwahi kuikatiza. Mama yako akakubali kwa sharti moja: ukiogelea kabla shule haijafunguliwa, utakwenda. Usipoweza, utabaki.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imeachiwa huru, marobota ya mitumba yakifunguliwa sokoni kila kukicha. Humo ndimo nilimopata vazi la kuogelea, la buluu. Mama yako alilinyanyua kwa vidole viwili. "Hii nguo mbona haijaisha? Nusu yake wamebaki nayo Ulaya?" Ikabidi ulivae juu ya bukta ya kaka yako, na juu yake tena fulana.

Ziwani nilichelewa kukupeleka. Nilisema lazima mwili ujifunze kwanza pakavu. Sebuleni palikuwa na gunia la alizeti likingoja kwenda kukamuliwa. Nikakulaza juu yake kifudifudi, ukawa unapiga miguu na kukata hewa kwa mikono huku mbegu zikilia chini ya tumbo lako. Ndipo jirani yetu Mama Saidi akaingia kuazima ungo.

"Heh! Mwalimu, mtoto ana degedege?"

"Anaogelea."

"Kwenye alizeti?"

"Maji yatafuata."

Alicheka mpaka akaondoka bila ungo. Jioni tukahamia kwenye karai: uso ndani ya maji, unatoa pumzi kwa mdomo, unainuka. Ulipaliwa, ukakohoa, machozi yakakutoka, kisha ukasema, "Baba, kumbe hata pua inakunywa!" Ukainama tena bila kuambiwa. Hapo nilianza kuogopa, maana niliona utafika mbali.

Asubuhi ya somo la kwanza ziwani Singidani nilikufunga kiunoni kamba ya kisimani, ile tuliyotekea maji, nikashika ncha yake. Nikasema ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Mama yako alisimama kwenye jiwe akiwa ameshika kanga ya kukufutia, na Mama Saidi alikuja naye ili asikose kichekesho. Ukaonja maji, ukatema. "Yana magadi!" Halafu ukalala juu yake kama ulivyolala juu ya gunia, ukapiga miguu.

Maji yalikubeba, Hawa. Mpaka leo nikifumba macho naliona lile povu la miguu yako. Kamba ilikaza, ikanivuta hatua moja, kisha ikalegea. Nikaivuta. Ikaja nyepesi mkononi, fundo limefunguka, na wewe uko kule maji yalikogeuka rangi, unaita, "Baba, njoo! Njoo uone huku!"

"Nakuona kutokea hapa! Geuka sasa! Polepole!"

Ukageuka. Ulikunywa maji, ukapotea kidogo, ukaibuka ukitema, ukaendelea kupiga mikono mpaka magoti yako yakagusa mchanga. Mama yako akapiga vigelegele, yeye ambaye hata harusini hakuwahi kuvipiga. Mama Saidi akapokea: "Mwalimu, alizeti yako imeelea!" Na wiki ile ile sanduku lako la bati likapakiwa.

Leo unafundisha watoto wa huko kisiwani kuogelea. Kaka yako ananiambia kwamba kila kundi jipya unalianza kwa kusema, "Mimi nilifundishwa na baba yangu." Neno hilo linanifurahisha, kisha linanikosesha usingizi, kwa sababu nimeishi kwa sifa isiyo yangu. Acha kulisema. Waambie ulijifunza juu ya gunia, pua yako ikanywa maji ya karai, na siku fundo lilipofunguka ulirudi kwa nguvu zako mwenyewe. Watoto wanaoogopa watafaidika zaidi na habari hiyo.

Chuoni, wenzangu walipokuwa wakiogelea, mimi nilikaa kando nikilinda nguo zao. Siku ile Singidani nilisimama maji yakiwa kiunoni, na sijawahi kuingia maji marefu kuliko hayo. Ungezama, ningekufuata, na mama yako angetuzika wote wawili. Hukuzama. Siku hizi kaka yako akiniletea karai aniogeshe, naangalia yale maji, nacheka peke yangu, naye anadhani ni ugonjwa.

Nakuaga nikiwa na fahari ambayo mwili huu mkonde hauwezi kuificha. Endelea kuwavusha hao watoto.

Ni mimi baba yako,
nisiyejua kuogelea.