Kitambaa Kimebaki Kwenye Bomba la Gari la Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana jambo hili sijamwambia mtu, hata mke wangu anadhani ni tumbo linalonisumbua.

Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na tano, naosha magari kwa mjomba wangu, lakini si kuosha tu, mimi ndiye wa mabomba ya moshi, yale ya nyuma, gari likiletwa bomba lake jeusi tititi kwa masizi mimi nalala chini, nasugua kwa nyuzi za chuma kama zile za kusugulia sufuria, napaka polishi, nafuta, napaka tena, mpaka ukichungulia unaona meno yako, ndiyo maana hapa kazini wananiita Kioo, na sitaki kujisifu lakini wapo wateja wanaowapita waoshaji wengine watatu ili waje kwangu, kwa sababu wenzangu wanang'arisha nje tu, mimi naingia hadi ndani ya mdomo wa bomba, shibiri nzima. Sasa ili maji na polishi visiingie zaidi, nasokomeza kitambaa, nakisukuma kwa mpini wa brashi, nikimaliza nakivuta kwa koleo. Miaka tisa sijawahi kusahau.

Mshauri, nimesahau.

Gari lenyewe ni la shemeji, mume wa mdogo wangu wa kike ambaye tumenyonya ziwa moja. Shemeji huyu ni mtu wa ofisini na utani wake una miiba, tukikaa kula ananiuliza, "Fundi wa mikia, leo umeshika mikia mingapi?" watu wanacheka, na mimi nacheka, lakini moyoni naungua. Basi wiki tatu zilizopita akaleta gari lake kuukuu, lina mabomba mawili, nikasema leo atanyamaza huyu, nikasugua saa mbili nzima, vitambaa vizito vya jinzi nimesokomeza huku na huku, yeye amenisimamia, "Harakisha bwana, nachelewa," nikatoa cha kulia, simu yake ikaita, akaruka ndani, akawasha gari, akaondoka, nami nikabaki na koleo mkononi najipongeza kwamba safari hii amekosa la kusema. Wakati wa kufunga kazi nahesabu vitambaa, kimoja hakipo.

Nikajiambia moshi utakitupa wenyewe. Kumbe gari la mabomba mawili ukiziba huku linapumulia kule, linatembea tu, zito kidogo. Kesho yake shemeji akasema kuna harufu ya kitu kinaungua, nikamjibu, "Ni polishi hiyo, itaisha." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu huu.

Mdogo wangu ana mimba ya miezi saba. Hukaa kiti cha nyuma kwa sababu mkanda wa mbele unambana tumbo, na vioo wanafunga kwa ajili ya vumbi. Tangu siku ile kila akipanda gari kichwa kinamgonga, anaona kizunguzungu, anatapika, akishuka akikaa nje nusu saa anapata nafuu, na mama mkwe wake anasema mimba ya kwanza ina visa vyake, na wote wanaitikia, na mimi naitikia! Lakini fundi jirani yetu alishatuambia, gari kuukuu lina kutu huko chini, ukiliziba mwishoni moshi unatafuta pa kutokea, unaingia ndani kwa watu, na ule moshi mbaya hauna harufu, unamlaza mtu asiamke. Jumapili nilikwenda kwao kwa kisingizio cha salamu, nikainama nikamulika kwa simu, nikakiona, cheusi, kimeganda, kimekwenda mbali, koleo halifiki, mpaka bomba lifunguliwe. Shemeji akatokea, "Unatafuta nini huko mkiani?" Nikasema naangalia kama polishi imekaa vizuri.

Ijumaa hii alfajiri wanasafiri, mwendo wa saa sita barabarani, shemeji anampeleka mdogo wangu kwa mama yetu akajifungulie huko. Nikisema ukweli shemeji atanicheka mpaka nizeeke, na mjomba ameapa kwamba atakayeharibu tena gari la mteja akatafute kazi kwingine. Je, kuna njia ya kukitoa kitambaa shemeji asijue? Naomba unijibu Jumamosi hii. Tafadhali usitaje rangi ya gari, maana shemeji husoma ukurasa wako kila Jumamosi anapokunywa chai. Namba yangu nimeiandika nyuma, usiitoe gazetini.

Ni mimi, nisiyepata usingizi.

MSHAURI ANAJIBU

Ndugu yangu Kioo, barua yako imenifikia Alhamisi saa sita mchana, na nimeimaliza nikiwa nimesimama. Wanasafiri Ijumaa, na wewe unaomba jibu Jumamosi! Hebu jisomee mwenyewe. Hukuwa unaomba ushauri, bwana. Ulikuwa unatafuta mtu wa kumsingizia, ili likitokea la kutokea useme, "Mimi nilimwandikia mshauri, yeye ndiye aliyechelewa." Lo! Mzigo huo sibebi.

Wasomaji mnisamehe, safari hii sikungoja gazeti. Nilipiga simu mara tatu kimya, ya nne akapokea, nikajitambulisha.

"Mama, niko kazini."

"Iache kazi. Mpigie mdogo wako sasa hivi, mwambie asipande gari."

"Nitaanzaje?"

"Anza na hilo hilo. Asipande gari."

Nilikuwa nasikia maji yanamwagika na mtu anapiga mluzi. Halafu, Kioo, ukaazima simu ya mwenzako, ukampigia huku mimi nimeng'ang'ania kwenye simu yako, ukamweleza yote bila kupumua. Nikamsikia mdogo wako, sauti ndogo kabisa: "Wiki tatu, kaka? Mimi nilidhani mtoto wangu ananikataa."

Nililia, sikufichi. Binti wa watu amekaa wiki tatu akijiuliza amemkosea nini mtoto aliye tumboni, na jibu unalo wewe.

Ulinipa namba yake, nikamtuma hospitali mchana ule ule, akaeleze wazi kwamba amekuwa akivuta moshi wa gari. Mapigo ya mtoto yamesikika, lakini daktari anamtaka tena Jumatatu, kwa hiyo tusishangilie bado. Safari imevunjwa. Funguo zote mbili ziko chini ya mto wake, na mumewe ameambiwa tu kwamba gari linavujisha moshi ndani na fundi anakuja Jumamosi saa tatu asubuhi. Nilimuuliza mdogo wako mbona hajamwambia mumewe ni kazi ya nani. Akasema, "Hilo kaka alitoe mwenyewe kinywani mwake." Leo Ijumaa mchana naufunga ukurasa huu, nimempigia tena, na hujaenda.

Najua dharau inauma. Kazi yako ni ya heshima, na shemeji anayeigeuza kichekesho mbele ya watu ana deni la adabu, tena namwambia hapa hapa. Lakini kicheko chake hakijamzika mtu. Kusahau kitambaa ni kosa la fundi yeyote, nami nakupa pole. "Ni polishi hiyo, itaisha," hapo hukusahau kitu. Hapo ulichagua, na Jumapili ukachagua tena, na mdogo wako akaendelea kupanda.

Sasa nisikilize. Mjomba umwambie wewe kabla hajasikia kwa wateja. Akikufukuza, utaondoka na mikono yako, na wateja wanaijua. Popote utakapofanya kazi, kitambaa kinachoingia ndani ya bomba kifungwe kamba nyekundu ndefu inayoning'inia nje, na ufunguo wa gari ukae mfukoni mwako mpaka vitambaa vyote viwe mkononi, hata mteja apige kelele vipi. Na nyinyi wengine mnaoumwa kichwa garini na kupona mkishuka, fungueni vioo, shukeni, mwoneni daktari kwanza, fundi baadaye. Acheni kuisingizia mimba.

Rangi ya gari sijaitaja, kama ulivyoomba. Lakini mabomba mawili, mke ana miezi saba, na kaka yake ni fundi wa mikia: ni shemeji gani asiyejiona humu? Gazeti linafika mlangoni kwake saa moja na nusu. Wewe ufike saa moja, kama nilivyokwambia kwenye simu. Umwambie ana kwa ana, umsubiri fundi pamoja naye, na bomba likifunguliwa koleo ulishike wewe, kitambaa ukivute wewe, yeye akiona.

Na kama unayasoma haya ukiwa bado umekaa kwako, basi umechelewa tena. Vaa viatu.