Mshono Usio Wangu

Jumatatu, 4 Machi

Suruali ya kijivu ya mume wangu imepanuliwa kiuno. Na si mimi! Nimegundua nikiianika. Mimi nikifika mwisho wa mshono huurudia mara tatu, ndipo nakata uzi. Huyu kafunga fundo. Tena kwa uzi wa bluu. Fundi gani mwenye akili zake anashonea bluu kwenye kijivu? Miaka kumi na tisa niko kwenye cherehani, hata kifungo chake hakijawahi kuguswa na mtu mwingine.

Sijamuuliza. Kwanza nichunguze.

Jumanne, 5 Machi

Kabati nimelipekua. Suruali tatu, mafundo matatu. Miguu inapwaya, ila kiuno kinaongezwa na kuongezwa. Si bure. Kuna mtu anamlisha. Hapa nyumbani anaacha nusu sahani, eti ameshiba. Ameshibia wapi?

Halafu mimi ndiye Godoro! Ndivyo anavyoniita, hata mbele ya wageni. Godoro, hebu sogea nipite. Huwa nacheka nao. Leo sikucheka.

Nikamtupia chambo: baba watoto, njoo nikupime nikushonee suruali mpya. Akashtuka kabisa. Akasema nipime wenye miili, yeye ana nini cha kupimwa. Akavuta shati lake chini, akatoka.

Tangu lini mtu mzima anaogopa futi ya kupimia?

Alhamisi, 7 Machi

Muuguzi wa zahanati kaja kushonesha sare. Mdadisi huyo! Nilipomaliza kumpima akaichukua futi shingoni mwangu, akanizungushia kiunoni. Nikamwambia asijisumbue, mafuta haya yana umri kumzidi binti yangu mkubwa. Akanifinya nyonga, akanifinya paja. Akasema haya yanayofinyika yako chini ya ngozi, ni kama stoo, mengi yametulia tu. Ya kuogopa zaidi ni ya ndani, nyuma ya misuli ya tumbo, yaliyozunguka ini na utumbo. Hayo hayashikiki. Tumbo linakuwa gumu kwa sababu linasukumwa kutoka ndani. Na hayatulii: yanamwaga mafuta kwenye damu inayokwenda moja kwa moja kwenye ini. Sukari inaharibika, presha inapanda, moyo unaumia. Mtu anaweza kuwa na miguu ya kuku na mafuta hayo anayo tele. Kipimo chepesi: kiuno kisizidi nusu ya urefu.

Sikumwamini. Watu wa hospitali wanapenda kututisha. Nikamuuliza kijanja: na huyo wa miguu ya kuku, nani anamnenepesha? Akacheka. Kiti, akasema. Kiti, soda na kukosa usingizi. Wengine wanarithi tu.

Kurithi. Baba mkwe alianguka kazini, hakuamka. Mwembamba, tumbo gumu. Alikuwa na miaka hamsini na moja. Mume wangu anafikisha hamsini mwezi ujao.

Hapana. Kuna mwanamke. Afadhali kuwe na mwanamke!

Jumamosi, 9 Machi

Mwenye mafundo nimempata! Yule mzee fundi wa ng'ambo ya barabara. Kipara, miwani imefungwa kwa waya. Nimeingia kama natafuta zipu, nikaona ule uzi wa bluu kwenye cherehani yake. Nikamwambia, shikamoo mzee, huu uzi nimekutana nao kwangu. Mzee wa watu akakosa pa kuficha uso. Kumbe macho yake hayatofautishi tena bluu na kijivu. Mume wangu alimwomba asiseme, kwa sababu eti nitamcheka.

Nilicheka kweli, peke yangu, katikati ya duka la mtu. Mwanamke niliyemshuku ana ndevu!

Kisha akanionyesha daftari la vipimo. Kiuno inchi thelathini na sita. Thelathini na nane. Arobaini na moja. Paja linapungua kila mara. Urefu wake naujua kwa kichwa, inchi sitini na nane. Nusu yake thelathini na nne. Kicheko kikanikauka.

Jumapili, 10 Machi

Yuko bafuni. Nimepekua mfuko wa koti lake la kazi. Ndiyo, nimepekua! Karatasi ya kipimo cha picha ya tumbo, ya Januari. Imeandikwa mafuta kwenye ini, arudi baada ya mwezi. Hakurudi. Alijua! Miezi miwili ananiita Godoro na karatasi hii iko mfukoni. Nina hasira, nina hofu, sijui nianze na ipi.

Baadaye. Nimemwita chumba cha cherehani. Karatasi nimeiweka juu ya meza. Nikamwambia vua shati. Kavua. Nimefinya tumbo, vidole vimekosa cha kushika. Nikazungusha futi. Thelathini na tano! Nikataka kumshukuru Mungu, mpaka nilipoona mishipa ya shingo imemsimama. Kaingiza tumbo ndani, kabana pumzi, ananitazama kama mtoto aliyejificha nyuma ya pazia.

Nimeshika ncha za futi kwa mkono mmoja, kwa mwingine naandika hapa. Anadhani naandika kipimo chake. Nimemwambia, baba watoto, pumua.

Hajapumua.

Nimemwambia sitacheka.